Mwezé Ngangura: Burudani na Utambulisho katika Filamu za Kongo

Katika historia ya sanaa za maonyesho nchini Kongo, Mwezé Ngangura ana nafasi ya pekee. Alizaliwa Bukavu mwaka 1950, akasomea uongozaji wa filamu nchini Ubelgiji, kisha katikati ya miaka ya 1970 akarejea Zaire na kufundisha mjini Kinshasa, hasa katika Taasisi ya Taifa ya Sanaa, palipofunzwa pia waigizaji wa jukwaani. Kazi zake zinazua swali zito: je, msanii anayewachekesha watu wake wakati wa dhiki anawatumikia au anawasahaulisha?

Swali hilo lina mizizi katika ukoloni. Enzi hizo sinema ilikuwa mikononi mwa serikali na wamisionari. Katika miaka ya 1950 Padri Albert Van Haelst alitengeneza huko Kasai vichekesho vya Matamata na Pilipili. Vilipendwa sana, lakini ndani yake Mwafrika ni mtu wa kufunzwa adabu. Baada ya uhuru, waongozaji wengi barani waliifanya filamu kuwa silaha ya kuzindua umma. Mwezé hakuyapinga malengo hayo. Alichotilia shaka ni njia. Katika makala yake ya mwaka 1996 kuhusu mapambano na burudani katika sinema ya Afrika, anaitetea burudani kuwa njia halali ya kumfikia mtazamaji wa Kiafrika.

Msimamo huo ulikwisha kudhihirika katika kazi zake. Katika Kin-Kiesse (1982), mchoraji Chéri Samba anamtembeza mtazamaji ndani ya jiji la Kinshasa, penye raha na taabu kwa pamoja. Filamu iliyompatia sifa kubwa ni La Vie est belle (1987), aliyoiongoza pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy. Papa Wemba anaigiza kama Kuru, mwanamuziki wa kijijini anayekwenda mjini kutafuta vyombo vya umeme, anakuwa mtumishi wa nyumbani kwa tajiri, na kumpenda msichana ambaye tajiri huyo anamwoa. Filamu haiushambulii utawala wa Mobutu waziwazi. Hata hivyo, tajiri anayetegemea mganga na maskini anayeishi kwa ujanja ni picha ya jamii ambayo watu wake waliachwa wajitafutie. Kicheko hapa hakifichi dhiki, bali kinaifanya itazamike.

Pièces d'identités, iliyotunukiwa tuzo kuu ya FESPACO mjini Ouagadougou mwaka 1999, inakwenda mbali zaidi. Mfalme mzee Mani Kongo anafika Ubelgiji kumtafuta binti yake, Mwana, naye analazimika kuachana na alama za ufalme wake ili apate kuishi. Kwa njia ya kisa hicho, Mwezé anauliza utambulisho wa mtu umo wapi: katika karatasi, katika mavazi, au katika kutambuliwa na walio wake?

Swali hilo linamrudia mwongozaji mwenyewe. Mwaka 1994 alirejea Kivu kwa filamu kuhusu ufalme wa Ngweshe, lakini filamu zake mbili mashuhuri zinategemea Kifaransa katika mazungumzo, na nyimbo za La Vie est belle ni za Kilingala. Mtazamaji wa Bukavu, Butembo au Mangina anajiona katika visa, ila lugha anayotumia sokoni haisikiki. Lawama haimfai Mwezé peke yake: fedha za filamu zilitoka Ulaya, na muziki uliovuma ulitoka Kinshasa.

Kwa hiyo, thamani ya Mwezé haiko katika tuzo tu. Alithibitisha kwamba Mkongo anaweza kuonekana katika filamu akiwa binadamu kamili, mwenye hila, mapenzi na aibu, si mwanafunzi wa kuonywa. Kazi iliyobaki kwa wasanii wa mashariki ni kumwezesha mtu huyo kusema Kiswahili chake.