Makuli wa Mombasa walipoususia mzigo wa Amin

Februari 1976 makuli wa bandari ya Mombasa walikataa kugusa shehena ya Uganda. Hawakuwa wakidai nyongeza ya mshahara. Walikuwa wameudhika kwa ajili ya ardhi iliyo mbali sana na bahari, ambayo wengi wao huenda hawakuwahi kuikanyaga. Sehemu ya ardhi hiyo ni huku kwetu Uasin Gishu, na ndani yake mtaa wa Elgon View, ng'ambo ya mto Sosiani ukitoka katikati ya mji wa Eldoret.

Aliyewasha moto ni Idi Amin, mtawala wa Uganda. Katikati ya mwezi huo alitangaza kwamba eneo kubwa la Kenya, kutoka magharibi hadi kilomita 32 hivi kabla ya kufika Nairobi, pamoja na sehemu za kusini mwa Sudan, lilikuwa la Uganda hapo awali, na kwamba Waingereza ndio waliolimega.

Ubaya wa maneno yale ni kwamba yalikuwa na chembe ya ukweli. Mwanzoni mwa ukoloni, Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulianzia Bonde la Ufa, upande wa Naivasha. Reli ilipofika Kisumu Desemba 1901, Waingereza waliona ni heri njia yote iwe chini ya utawala mmoja. Tarehe 1 Aprili 1902 wakauhamishia mkoa huo upande wa himaya iliyokuja kuwa Kenya. Si Mnandi, si Mmaasai, si Mluo wala Mluhya aliyeulizwa.

Alama za kalamu ile zipo hadi leo. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza, kupitia waziri wake wa makoloni Joseph Chamberlain, ilipendekeza kuwapa Wayahudi nyanda za Uasin Gishu wafanye makao. Vitabu vinauita mpango wa Uganda, ingawa ardhi yenyewe ilikuwa imekwisha kuhamishwa. Wajumbe walikuja kuikagua, na mwaka 1905 mkutano mkuu wa Wazayuni ukaukataa. Mwaka 1908 msafara wa Makaburu kutoka Afrika Kusini ukapanda milima na kuingia hapa. Mji ukaota kwenye shamba nambari 64, ndiyo maana wazee wetu wanaendelea kuuita Sisibo, yaani “sixty-four” kwa matamshi yao.

Kwa hiyo Amin alikuwa na ramani. Asichokuwa nacho ni haki. Viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikubaliana Cairo, Julai 1964, kwamba kila nchi itaheshimu mipaka iliyorithi siku ya uhuru, kwa sababu kuifungua upya kungeliangamiza bara zima. Na Februari hiyo ya 1976 mwenyekiti wa umoja huo alikuwa Amin mwenyewe.

Mwananchi hakuhitaji kulisoma azimio la Cairo ndipo ajue ametukanwa. Kenya ilikuwa na umri wa miaka 12. Huku Uasin Gishu kulikuwa na watu waliotoka juzi kununua mashamba ya walowezi, wengine kwa mkopo, wengine kwa kuchanga katika vyama vya ushirika. Mtu aliyeuza ng'ombe wake ili apate ekari chache hawezi kuvumilia kusikia redioni kwamba shamba lile ni la serikali nyingine. Watu waliandamana Nairobi, Mombasa na katika miji mingine. Rais Jomo Kenyatta alijibu kwamba Kenya haitatoa hata inchi moja.

Kati ya hayo yote, silaha kali zaidi ilikuwa mikononi mwa makuli. Uganda haina bahari. Mafuta, mashine na bidhaa zake za ng'ambo zilishukia Mombasa, zikapanda reli hadi Nakuru, zikapita hapa Eldoret, ambapo reli ilifika mwaka 1924, kisha Malaba na Tororo. Hotuba ya kiongozi inaweza kujibiwa kwa hotuba nyingine, lakini mzigo usiobebwa haujibiwi kwa maneno. Kabla ya mwezi kwisha, Amin alikuwa amelegeza sauti.

Miezi michache baadaye silaha hiyo ilishikwa na serikali yenyewe. Usiku wa kuamkia 4 Julai, makomando wa Israel waliwaokoa abiria wa ndege iliyotekwa waliokuwa wameshikwa uwanjani Entebbe, Uganda, na ndege zao zikapitia Nairobi. Amin alilipiza kisasi kwa Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda, na wengi wakauawa. Kenya ikabana mafuta na kudai malipo kwa fedha zake. Agosti pande mbili zikapatana.

Tusisahau waliolipa gharama. Waliouawa Uganda walikuwa vibarua na wafanyakazi wa kawaida, wala hawakumtukana mtu. Bandari na reli zilikuwa mali ya pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka 1977 jumuiya hiyo ikavunjika. Na huku wakubwa wakigombana, wananchi wa mpakani waliendelea na yao: katika soko la Chepkube, Bungoma, kahawa ya magendo kutoka Uganda ilitajirisha watu miaka hiyohiyo, bei ikiwa imepaa baada ya baridi kali kuunguza mibuni ya Brazil.

Hasira kama ile ya makuli imerudi mara kadhaa. Mwaka 2009, wakati wa mzozo wa Kenya na Uganda kuhusu kisiwa cha Migingo, vijana wa Kibera waling'oa reli iendayo Uganda. Mwanzoni mwa 2020 maziwa ya Uganda yalikamatwa, na Machi 2021 mahindi ya Uganda na Tanzania yakazuiwa kwa sababu ya sumukuvu, kabla ya kuruhusiwa kwa masharti. Kila mara nimesikia hapa Eldoret watu wakisema tusinunue cha jirani, tuonyeshe uzalendo.

Mimi nawaheshimu wakulima wetu wa mahindi na maziwa, na kilio chao cha bei ni cha haki. Lakini kilio cha bei kisemwe kama kilio cha bei, kipelekwe kwa wanaopanga bei, ushuru na gharama ya mbolea. Kukivika bendera ni kumfanya mkulima wa Uganda adui, naye ana dhiki zilezile. Barabara kuu ya mji wetu inaitwa Uganda Road. Bomba la mafuta lilifika hapa mwaka 1994, na malori ya mafuta yanayojazwa hapa huvuka Malaba. Uganda ni miongoni mwa wateja wakubwa wa bidhaa za Kenya. Atakayeanzisha ugomvi wa bidhaa ajue dereva, fundi na mama wa hoteli ya Eldoret wataumia kabla ya waziri yeyote.

Makuli wa 1976 wanastahili heshima kwa sababu walijua wanayemkabili, naye ni mtawala aliyetishia ardhi ya watu. Walijua wanachodai, na alipolegea mizigo ilianza kwenda tena. Anayetaka tususie bidhaa za jirani leo atujibu hayo matatu: tunamkabili nani, tunadai nini, na tutaacha lini. Akishindwa hata moja, tuendelee kununua.