Sauti ya Mawe ya Kusagia

Alfajiri ya Manzese, Tandale au Mbagala haihitaji jogoo. Mashine za kusaga huanza kunguruma mapema, na anayepita karibu huondoka na vumbi jeupe mabegani. Tumeizoea sauti hiyo hata hatuisikii tena. Lakini nabii Yeremia aliisikia. Alipotangaza maangamizi ya nchi (Yer. 25:10), alitaja kukoma kwa sauti ya mawe ya kusagia. Kwake, mji usiosaga ni mji uliokufa.

Zamani sauti hiyo ilitoka katika mikono ya wanawake. Kabla mahindi hayajaletwa pwani yetu wakati wa Wareno, watu wetu walikula mtama, uwele na ulezi. Mama alitwanga kwenye kinu, akapepeta kwa ungo, akasaga juu ya jiwe, na jua lilikuwa bado halijachomoza. Musa alipotaka kumtaja mtu wa chini kabisa katika Misri, alimtaja mjakazi aliye nyuma ya mawe ya kusagia (Kut. 11:5). Na Torati ikakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu kufanya hivyo ni kuchukua uhai wa mtu (Kum. 24:6). Bwana alikuwa anaitazama kazi ile.

Jiji lilipokua, unga ukawa jambo la Serikali. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 viwanda vikubwa vya kusaga vilitaifishwa, na mwaka 1968 likaundwa Shirika la Usagishaji la Taifa, ambalo wote tulilijua kwa jina la NMC. Sembe yake iliuzwa kwa ruzuku ili mfanyakazi wa mjini asilale njaa. Nia ilikuwa njema. Lakini ulikuja ukame wa 1973 na 1974, kisha uhaba wa miaka ya mwanzo ya 1980. Watu walipanga foleni, wakala ugali wa mahindi ya njano kutoka Marekani, waliouita “yanga”. Wazee wa sharika zetu wangali wanaukumbuka, wengine kwa kucheka, wengine kwa kukunja uso. Waliosali Baba Yetu miaka ile walijua wanaomba nini.

Mwaka 1984 Serikali iliondoa ruzuku ya sembe. Bei ilipanda, biashara ya nafaka ikaanza kulegezwa, na mashine ndogo zikaenea mitaani. Mama aliyechoka na kinu akapumzika mgongo. Tumshukuru Mungu kwa hilo.

Hata hivyo tuangalie mashine inafanya nini. Kwanza mahindi hukobolewa: ganda na kiini cha mbegu hutoka kama pumba. Kinachobaki, ambacho sehemu yake kubwa ni wanga, husagwa mpaka kipite kwenye chekeche. Hiyo ndiyo sembe. Asiyekoboa hupata dona. Kwa kuwa kiini kina mafuta, dona huharibika upesi. Lakini katika kiini na ganda ndimo zilimo vitamini na madini mengi. Basi tunalipa ili chakula chetu kipunguzwe, na kilicho bora kinakwenda kwa kuku na ng'ombe. Dona tumeiachia shule za bweni, jeshi na magereza. Mgeni akija, tunaona haya kumwandalia. Kanuni za mwaka 2011 zilitaka unga wa viwandani urudishiwe virutubishi kama madini ya chuma na zinki, lakini mashine nyingi za mitaani hazina kifaa cha kuvichanganyia. Tumependa weupe kuliko afya. Mhubiri naye ajihadhari asiikoboe Injili hivyo, akaondoa toba na msalaba ili iwe laini.

Kuna jambo zito zaidi. Amosi aliwakemea waliopunguza kipimo na kuwauzia maskini makapi ya ngano (Amo. 8:5–6). Leo mahindi yenye ukungu yakikobolewa yakawa meupe, mnunuzi hana la kumwonya. Sumukuvu haionekani kwa macho, wala haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Nayaandika haya nikijua kwamba wenye mashine na wauza unga ni washarika wenzetu, na sadaka zao zimejenga makanisa yetu. Kwa sababu hiyo hasa siwezi kunyamaza. Sadaka haifuti debe lililobonyezwa kitako.

Katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, akieleza ombi la nne, Martin Luther alisema kwamba ngao ya mtawala mcha Mungu ingefaa kuwa na mkate badala ya simba. Mwenye mashine naye ni mtawala mdogo: uhai wa mtaa mzima unapita katika chekeche lake. Sikukuu ya mavuno tunaleta mahindi madhabahuni. Ningependa mwaka mmoja aje pia mwenye mashine na mizani yake, tuiombee mbele ya wateja wake. Jumatatu alfajiri akiwasha mashine, sauti ile nayo itakuwa sala.