Mtoa: Kambi ya ndege iliyoiwinda Liemba

WASAFIRI wa Kabwe, bandari ya Ziwa Tanganyika wilayani Nkasi mkoani Rukwa, waliizoea kwa miongo mingi meli ya Liemba. Mwaka 1916 meli hiyo, wakati huo ikiitwa Graf von Götzen, iliwindwa kutoka angani na ndege za Wabelgiji zilizokuwa na kambi Mtoa, karibu na mji ambao leo ni Kalemie, Kongo.

Mtoa haikuwa ngeni kwa watu wa ziwani, kwani ndiko misafara ya biashara kutoka Ujiji ilikovukia karne ya 19. Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoigeuza kuwa kituo cha jeshi. Waingereza walikuwa wamekwisha kuiteka meli ya Kijerumani Kingani, Desemba 26, 1915, na kuizamisha Hedwig von Wissmann, Februari 9, 1916. Götzen, iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915, ilikuwa kubwa mno kwa vyombo vyao vidogo.

Dawa ikatafutwa angani. Uingereza iliwaazima Wabelgiji ndege 4 aina ya Short 827, zenye maboya badala ya magurudumu. Zilisafirishwa kwa meli hadi Matadi, kisha kwa reli na mito hadi ziwani. Mawimbi ya Tanganyika hayakuzifaa, hivyo zikarushwa kutoka maji tulivu ya ziwa dogo la Tungwe. Hata hapo kazi haikuwa nyepesi: ziwa liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi yenye joto huzinyima ndege nguvu ya kupaa.

Juni 1916 rubani Aimé Behaeghe na mwenzake Leon Collignon waliishambulia Kigoma kwa mabomu. Madhara kwa Götzen yenyewe yanabishaniwa hadi leo; lililo wazi ni kwamba Wajerumani hawakuwa tena na maficho bandarini. Kusini, ngome yao ya Bismarckburg, yaani Kasanga, ilianguka mwezi huohuo.

Julai 26, 1916 Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe, mitambo yake ikiwa imepakwa grisi nzito. Siku chache baadaye Wabelgiji waliingia Kigoma, mwisho wa Reli ya Kati. Behaeghe alifariki dunia Kongo kabla mwaka haujaisha.

Grisi ile iliihifadhi mitambo. Waingereza waliiibua meli mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarejea kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia likitumika kwa ncha ya kusini ya ziwa.