Jangwani na Wenye Jangwani: Miaka Tisini ya Yanga na Swali la Uongozi

Klabu ya Young Africans ya Dar es Salaam, ambayo wapenzi wake huiita Yanga, Timu ya Wananchi, au Jangwani kwa kuitaja kwa mtaa wa makao yake, ilianzishwa tarehe 11 Februari 1935, wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya utawala wa Waingereza na mchezo wa soka mjini ulipokuwa ukipangwa kwa rangi, kwa idara za serikali na kwa mahali pa kazi. Historia yake husimuliwa zaidi kwa hesabu ya vikombe, na hesabu hiyo ni kubwa kiasi cha kuwafunika watani wake wote nchini. Lakini mtu anayewasikiliza kwa makini wanachama wa zamani atagundua kwamba jambo wanalolirudia kuliko vikombe ni mamlaka, yaani nani aliyeitisha mkutano, nani aliyeshika funguo za jengo, na nani aliyekuwa na haki ya kusema kwa jina la klabu. Uongozi wa sasa, ambao umeleta mafanikio ambayo kizazi kizima hakikuwahi kuyaona, unatazamwa kwa jicho hilohilo, na ni haki utazamwe hivyo.

Walioianzisha klabu hiyo walikuwa Waafrika wa kawaida wa eneo la Kariakoo na vitongoji vyake, watu wa vibarua, ufundi na ukarani mdogo, ambao kabla ya mwaka 1935 walikuwa wamecheza kwa majina mengine, likiwemo New Youngs. Kuchagua jina linalotaja Uafrika, katika mji ambao Mwafrika alikuwa na mtaa wake, hospitali yake na ngazi yake ya mshahara, hakukuwa jambo dogo. Rangi za klabu zilibeba ujumbe huohuo, kwa kuwa kijani kilisimama kwa ardhi na mimea yake, njano kwa utajiri wa madini, na nyeusi kwa watu wenyewe. Katika simulizi za wazee, wengi wa wanachama wa Yanga walikuwa pia wanachama wa TANU, chama cha siasa kilichoundwa mwaka 1954 na kilichoongoza harakati za uhuru, na ukaribu huo ndio unaoelezwa kuwa chimbuko la sifa ya klabu kama mali ya wananchi.

Hata hivyo, klabu haikutimiza miaka miwili kabla ya kupasuka. Mwaka 1936 baadhi ya wanachama walijitenga na kuunda timu yao, ambayo ilipitia majina ya Queens, Eagles na Sunderland kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971, na tangu hapo kila upande umeusimulia mtengano huo kwa namna inayoupendeza. Lililo muhimu kwa historia ni kwamba uhasama mkubwa kuliko wote katika michezo ya Afrika Mashariki ulizaliwa ndani ya klabu moja, kutokana na ugomvi wa wanachama, na kwa sababu hiyo pande hizo mbili huitana watani wa jadi, neno linalowataja watu wenye ruhusa ya kukejeliana bila kuvunja undugu.

Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, Sunderland ndiyo iliyotangulia kutwaa ubingwa, lakini kuanzia mwaka 1968 hadi 1972 Yanga iliutwaa mara tano mfululizo, na katika mwaka huo wa kwanza wa utawala wake iliwafunga watani mabao 5-0. Mwaka 1969 ilifika robo fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika na kukutana na Asante Kotoko ya Ghana. Mechi zote mbili zilimalizika kwa sare ya 1-1, na kwa kuwa kanuni za wakati ule hazikuwa na utaratibu wa kupigiana penalti, mshindi aliamuliwa kwa kurusha shilingi, nayo ikaangukia upande wa Kotoko. Mwaka uliofuata Yanga ilitolewa tena katika hatua hiyohiyo na Kotoko hiyohiyo, ambayo safari hii iliendelea hadi kutwaa kombe lenyewe. Wazee wanapoitaja miaka hiyo hawaitaji kama miaka ya kushindwa, nao wana haki, kwa sababu timu iliyojengwa kwa ada za wanachama na michango ya mitaani ilikuwa imesimama sawa na timu iliyokuja kuwa bingwa wa bara zima.

Katika kipindi hicho ndipo lilipojengwa jengo la klabu kwenye kona ya mitaa ya Twiga na Jangwani, pamoja na uwanja wa mazoezi uliopewa jina la Kaunda kwa heshima ya Rais wa Zambia, Kenneth Kaunda. Ujenzi huo ulipata msaada mkubwa wa Sheikh Abeid Amani Karume, Rais wa Zanzibar, aliyeuawa Aprili 1972, ambaye pia anakumbukwa kwa kuzihimiza klabu ziache majina ya kigeni, msukumo ulioifanya Sunderland iwe Simba. Kwa klabu ya Kiafrika ya wakati huo kuwa na jengo lake mwenyewe, lenye ukumbi, ofisi na vyumba vya wachezaji, lilikuwa jambo la nadra, na jengo hilo likawa kitu cha kugombewa katika kila mgogoro uliofuata, kwa kuwa kundi lililolishika lilihesabika kuwa ndilo Yanga.

Mgogoro mkubwa kuliko yote ulikuja klabu ikiwa kileleni. Agosti 1974, katika Uwanja wa Nyamagana mjini Mwanza, Yanga iliifunga Simba 2-1 na kutwaa ubingwa wa taifa, baada ya Gibson Sembuli kusawazisha dakika za mwisho na Sunday Manara kufunga la ushindi katika muda wa nyongeza. Januari 1975, huko Zanzibar, iliifunga Simba hiyohiyo 2-0 na kutwaa Kombe la Klabu Bingwa Afrika Mashariki na Kati. Badala ya ushindi huo kuwaunganisha watu, ulizidisha mvutano juu ya nani aongoze, na wanachama wakagawanyika katika makundi mawili ambayo mji uliyabatiza kwa majina ya viatu. Raizoni, viatu vya soli nene vilivyokuwa fahari ya vijana wa miaka ile, vikawa jina la kundi lililohesabiwa kuwa la wasomi na watu wa kisasa, na kandambili, ndala za mpira za mtu wa kawaida, zikawa jina la kundi la wanachama wa mitaani. Majina hayo yalisema wazi jambo ambalo katiba ya klabu haikulisema: ugomvi ulikuwa wa matabaka, na kila tabaka liliamini kwamba klabu ni yake.

Matokeo yake yalikuwa maumivu. Mwaka 1976 sehemu kubwa ya wachezaji nyota na viongozi waliondoka na kuunda Pan African, timu iliyokuja kutwaa ubingwa wa taifa mwaka 1982, na Jangwani ikabaki na jengo lake lakini bila kikosi chake. Simba ilichukua ubingwa kila mwaka kutoka 1976 hadi 1980, na Julai 1977 iliifunga Yanga mabao 6-0, matatu kati ya hayo yakiwa ya Abdallah Kibaden. Kipigo hicho hakijafutwa hadi leo, na mashabiki wa Yanga wanaposhambuliwa kwa kukumbushwa mabao hayo sita, wachache hueleza kwamba yalifungwa dhidi ya klabu iliyokuwa imejichinja yenyewe mwaka mmoja kabla.

Miaka ya 1980 ilirudisha ubingwa wa taifa, na mwaka 1993 na 1999 Yanga ilitwaa tena kombe la Afrika Mashariki na Kati, mara zote mbili mjini Kampala mbele ya SC Villa. Mwaka 1998 ikawa klabu ya kwanza ya Tanzania kucheza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Lakini ndani ya nyumba swali la zamani lilikuwa limerudi likiwa na sura ya kiuchumi, kwani nchi ilikuwa imefungua milango ya soko huria na baadhi ya wanachama walitaka klabu iendeshwe kama kampuni ya hisa, huku wengine wakitaka ibaki kama ilivyoachwa na waasisi. Makundi hayo yaliitwa Yanga Kampuni na Yanga Asili, na mvutano wao ulidumu kwa miaka mingi, ukitoka kwenye mikutano na kuingia mahakamani.

Pengo lililoachwa na mvutano huo lilizibwa na wafadhili, yaani wafanyabiashara waliolipa mishahara, usajili na kambi za timu kwa fedha zao bila kuwa wamiliki kisheria. Aliyejulikana zaidi katika karne hii ni Yusuf Manji, aliyeanza kama mfadhili na mwaka 2012, baada ya Simba kuifunga Yanga 5-0 na mwenyekiti wa wakati huo kujiuzulu, akachaguliwa kuwa mwenyekiti. Chini yake klabu ilitwaa ubingwa mara nne katika misimu mitano, na Agosti 2016 aliuomba mkutano wa wanachama uikodishe timu na nembo kwa kampuni kwa miaka 10, kwa makubaliano kwamba kampuni ichukue asilimia 75 ya faida na klabu asilimia 25. Wanachama waliohudhuria walikubali. Kwamba watu waliowarithi Kandambili na Asili walinyoosha mikono kuikodisha klabu yao ni ushahidi wa jinsi utegemezi ulivyokuwa umezama, na mpango huo ulikwama baada ya mamlaka za michezo kuupinga.

Manji alipojiuzulu mwaka 2017, klabu ilibaki bila nguzo, na msimu baada ya msimu wachezaji walidai mishahara huku Simba, iliyokuwa imempata mwekezaji, ikitwaa ubingwa mara nne mfululizo. Hapo ndipo lilipoanza lile lililoitwa bakuli, yaani michango ya hadhara iliyohimizwa na kocha Mwinyi Zahera kutoka Kongo, ambapo shabiki alitoa alichonacho, kwa simu au mkononi uwanjani, ili timu isafiri na kula. Watani waliligeuza neno hilo kuwa kejeli. Kwa kipimo cha historia, hata hivyo, kipindi cha bakuli kilistahili heshima kuliko ubingwa kadhaa, kwa kuwa kilionyesha kwamba wenye klabu walikuwa bado wapo, na kwamba walikuwa tayari kuilipia.

Kutoka hapo ndipo uongozi wa sasa ulipochomoza. Mwaka 2019 wanachama walimchagua Mshindo Msolla kuwa mwenyekiti, kampuni ya GSM ikaingia kama mdhamini na mfadhili, na mwaka 2021 mkutano mkuu ukapitisha katiba mpya iliyoondoa cheo cha mwenyekiti na kuweka cha Rais, ikatenganisha siasa za klabu na utendaji wa kila siku, na ikafungua njia ya umiliki wa hisa kwa kufuata kanuni ya serikali inayowataka wanachama wabaki na asilimia 51 na wawekezaji wasizidi asilimia 49. Julai 2022, Hersi Said, mhandisi aliyekuwa akijulikana kwa kazi yake ndani ya GSM, alichaguliwa kuwa Rais wa kwanza chini ya katiba hiyo.

Uwanjani, hakuna mpenzi wa Yanga anayeweza kulalamika. Ubingwa ulirudi msimu wa 2021/22 na kubaki Jangwani katika misimu mitatu iliyofuata. Mwaka 2023 klabu ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikafungwa 2-1 na USM Alger jijini Dar es Salaam, ikashinda 1-0 mjini Algiers, na kulikosa kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Novemba mwaka huohuo iliifunga Simba 5-1, na Aprili 2024 ilitolewa kwa penalti na Mamelodi Sundowns katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, baada ya shuti la Stephane Aziz Ki, ambalo mashabiki wengi wanaamini lilivuka mstari, kukataliwa kuwa bao. Heshima ya nje iliongezeka pia, kwani mwaka 2023 Hersi alichaguliwa kuongoza Jumuiya ya Klabu za Afrika.

Katika maskani za Kariakoo, Temeke na Manzese, yaani mahali wanapokutana watu wa mtaa kwa kahawa na mazungumzo, sifa hizo hazipingwi, lakini huambatana na maswali. Zamani mwanachama mwenye kadi iliyolipiwa aliingia mkutanoni, akasimama, akamhoji mwenyekiti uso kwa uso. Katika mfumo mpya sauti yake hupitia tawi, ambalo hutuma wajumbe kwa niaba yake. Wanaoutetea mfumo huo husema, kwa hoja nzito, kwamba mikutano ya zamani ndiyo iliyozaa vurugu na kwamba klabu yenye matawi nchi nzima haiwezi kuongozwa na wakazi wa mitaa michache. Wanaousikitikia husema kwamba asilimia 51 ya karatasini haina uzito mpaka hisa zigawiwe kwa wanachama na zijulikane ziko kwa nani, na baadhi yao walifika mahakamani kupinga uhalali wa katiba yenyewe. Si busara kuwaita watu hao wasaliti, kama ilivyozoeleka katika siku za ushindi, kwa kuwa wanauliza kile alichouliza kila mwanachama tangu mwaka 1936.

Yapo pia mambo ambayo uongozi umeahidi na ambayo vikombe haviwezi kuyafidia: uwanja wa klabu wenyewe, katika bonde la Jangwani ambalo hufurika kila Mto Msimbazi unapojaa, na mapato yatakayoiwezesha timu kulipa mishahara hata siku mfadhili atakapoamua kuondoka. Wazee walioshuhudia kikosi cha 1974 hulitaja jambo hili la mwisho bila chuki na bila kuutakia uongozi mabaya. Wanakumbuka tu kwamba timu iliyoshinda Nyamagana na Zanzibar ilivunjika katika muda usiozidi miaka miwili, na wanataka kuona daftari la hisa wakiwa bado hai.