Neema: Ugomvi wa Karthago

Mwaka 410 jeshi la Wagothi liliingia Roma na kuipora kwa siku tatu. Kati ya waliokimbilia Afrika ya Kaskazini alikuwamo Pelagius, mzaliwa wa Britania, mtu wa kufunga na kusali ambaye hata mahasimu wake walikiri usafi wa maisha yake. Alishuka Hippo, mji uitwao leo Annaba, nchini Algeria. Askofu wa hapo, Augustino, hakuwapo. Baadaye walionana Karthago mara moja au mbili tu, Augustino akiwa amezongwa na kazi. Laiti wangeketi wakazungumza, husema wengine. Sidhani kama ingesaidia.

Pelagius alikuwa amechoshwa na Wakristo waliotenda maovu kisha wakasingizia udhaifu wa kibinadamu. Kwake, Mungu hatoi amri isiyotekelezeka. Mtu ana hiari, yaani uwezo wa kuchagua jema au baya. Neema, alivyoieleza, ni hiari hiyo tuliyoumbwa nayo, pamoja na sheria, msamaha wa makosa yaliyopita na mfano wa Kristo. Mfuasi wake Celestius alisema waziwazi kwamba dhambi ya Adamu ilimdhuru Adamu peke yake. Alihukumiwa Karthago mnamo mwaka 411.

Augustino hakuyasoma haya vitabuni tu. Ujanani aliishi na mwanamke bila ndoa, wakazaa mtoto, na kwa miaka mingi alilijua jema asiweze kulitenda. Ndiyo maana alisema hiari yetu imejeruhiwa. Jeraha hilo na hatia yake, tulivyorithi kwa Adamu kabla hatujatenda lolote, ndiyo dhambi ya asili. Na neema ni Mungu kutangulia: anampa mtu kutaka na kuweza, kabla hajastahili. Mungu wa Pelagius ni mwalimu. Wa Augustino ni tabibu.

Hoja yake kali Augustino aliitoa kwenye desturi. Vichanga walikuwa wakibatizwa kwa ondoleo la dhambi. Wana dhambi gani, kama si ya kurithi? Hoja hiyohiyo ikamfikisha pagumu: alishikilia kwamba kichanga akifa bila ubatizo hupotea, ingawa kwa adhabu nyepesi kuliko zote. Hapo, kwa maoni yangu, mantiki iliishinda huruma.

Pelagius alihamia Palestina, na maaskofu wa huko walimwachia huru mwaka 415. Waafrika hawakukubali. Tarehe 1 Mei 418 maaskofu zaidi ya 200 walikutana Karthago na kuyalaani mafundisho yake, siku moja baada ya Kaisari Honorius kuamuru wafuasi wa Pelagius wafukuzwe Roma. Papa Zosimus, aliyekuwa akisitasita, naye akawahukumu. Askofu Julian wa Eclanum, Italia, alikataa kuitia sahihi hukumu hiyo, akabishana na Augustino kwa vitabu hadi mzee huyo alipofariki mwaka 430, Wavandali wakiwa wameizingira Hippo.

Si yote aliyoyasema Augustino yaliyopokelewa. Makanisa ya Mashariki hufundisha kwamba kwa Adamu tulirithi kifo, si hatia. Maaskofu waliokutana Orange, Ufaransa ya leo, mwaka 529 walikiri kwamba neema hutangulia, lakini wakakana kwamba Mungu humpangia mtu yeyote uovu. Na Martin Luther, aliyeliamsha upya swali la neema mwaka 1517, alikuwa mtawa wa shirika la Waaugustino.