Karati: Sehemu Ngapi Kati ya 24?

Mchimbaji aliyezoea almasi za Kisangani akihamia kwenye dhahabu ya Ituri, hukutana na neno analolijua likiwa na maana nyingine. Kwenye almasi, karati ni uzito: gramu 0.2, kipimo kilichokubaliwa kimataifa mwaka 1907. Bunia, mezani kwa mnunuzi wa dhahabu, karati ni usafi. Inaeleza kati ya sehemu 24 za kipande hicho, ngapi ni dhahabu tupu. Dhahabu ya karati 18 ina robo tatu ya dhahabu. Robo iliyobaki ni fedha, shaba au madini mengine.

Huku Kongo neno hili tunalisikia zaidi kwa Kifaransa, carat. Wafaransa walilipata kwa Waitaliano, wanaosema carato. Wajerumani wana Karat, Wahispania na Wareno quilate. Wote wanadaiwa na Mwarabu, mwenye qirat, naye alilichukua kwa Mgiriki: keration, yaani kipembe. Kipembe chenyewe ni ganda la mkharubu, mti wa pwani za Mediterania ulio jamii moja na mkwaju wetu. Wazee wa kale waliweka mbegu zake mizanini kwa imani kwamba zote zina uzito sawa. Watafiti walizipima, wakatangaza mwaka 2006 kwamba zinatofautiana kama mbegu za miti mingine. Tusiwashangae wazee hao: katika machimbo ya Ituri, njiti za kiberiti na sarafu kuukuu zimetumika kupimia dhahabu.

Ile 24 inatoka Roma. Sarafu ya dhahabu ya mfalme Konstantino, katika karne ya 4, ilikuwa na uzito wa mbegu 24, kwa hiyo dhahabu kamili ikahesabiwa 24. Misri mpaka leo fedani moja, kipimo cha shamba, ina qirat 24. Hapo hakuna mbegu wala dhahabu. Limebaki fungu moja katika mafungu 24, na hiyo ndiyo maana ya kuishika.

Sioni haja ya kutafuta neno jipya. Karati limeshaingia Kiswahili na linatamkika vizuri. Kinachohitajika ni kulifafanua: karati za uzito kwa vito, karati za usafi kwa dhahabu. Anayeandika mkataba au bango la bei ya dhahabu aongeze maneno haya tu, “kati ya 24”.

Chukua mtu aliyeshuka kutoka machimbo ya Mongbwalu na gramu 12. Mnunuzi akisema karati 22, gawa 22 kwa 24, zidisha kwa 12: dhahabu tupu ni gramu 11. Akisema 20, ni gramu 10. Mizani haikusogea, lakini gramu nzima ya dhahabu imetoka kwenye hesabu kwa tamko la mdomo. Muuzaji anayejua maana ya karati ana haki ya kuuliza hiyo 20 imepatikanaje, na kuomba ipimwe tena mbele yake kabla ya kupokea pesa.