Haki zako unapotibiwa Uganda: dharura, idhini na siri

Ukiwa mkimbizi nchini Uganda, iwe Nakivale, Rwamwanja, Kyaka II au Kyangwali, unatibiwa katika vituo vilevile wanavyotumia wenyeji. Ada za wagonjwa katika vituo vya serikali ziliondolewa mwaka 2001, isipokuwa wodi za kulipia za hospitali kubwa. Dawa za serikali hupigwa alama kwamba haziuzwi. Ukidaiwa pesa kwa dawa yenye alama hiyo, omba risiti. Mara nyingi anayedai isivyo halali hunyamaza akisikia neno hilo.

Mwaka 2009 Wizara ya Afya ilitoa Hati ya Haki za Wagonjwa. Hati hiyo si sheria iliyopitishwa na Bunge, lakini ndiyo kipimo unachoweza kumwonyesha mhudumu. Inakataza kumbagua mgonjwa kwa sababu ya kabila, uraia au nchi alikozaliwa. Usawa na faragha vinalindwa pia na Katiba ya 1995.

Katika dharura, kituo chochote kinatakiwa kukuhudumia kabla ya kudai malipo. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hasubiri mumewe alete pesa. Kituo kisichoweza kumtibu kinapaswa kumpa rufaa kwenda panapowezekana.

Jambo linalowasumbua wengi wetu ni idhini. Unaletewa fomu ya upasuaji kwa Kiingereza, unaambiwa "weka sahihi hapa", na daktari ana haraka. Usiweke sahihi bado. Una haki ya kuelezwa, kwa namna unayoielewa, ugonjwa wako ni nini, wanataka kufanya nini, hatari zake ni zipi, na kama kuna njia nyingine. Sema wazi: "Sijaelewa, naomba mtu wa kunitafsiria." Kisha rudia kwa maneno yako ulichoelezwa, hapo ndipo makosa ya tafsiri hujitokeza. Usimtumie mtoto wako kutafsiri habari za uzazi au za virusi vya UKIMWI. Atakuficha jambo, au atabeba mzigo usio wake.

Mwanamke aliyetimiza miaka 18 na mwenye akili timamu huamua mwenyewe kuhusu mwili wake. Wapo wahudumu wanaotaka sahihi ya mume kwanza. Waambie kwa upole kwamba mgonjwa ni wewe. Unaweza pia kukataa matibabu baada ya kuelezwa madhara ya kukataa, na kuomba maoni ya daktari mwingine.

Habari zako ni siri. Mhudumu asizitoe kwa jirani, mwajiri au ndugu bila ruhusa yako, ila pale sheria inapoagiza au mhudumu mwingine anapozihitaji ili akutibu. Nawe useme ukweli kuhusu dawa unazotumia, zikiwemo za kienyeji, na ulitunze daftari lako la matibabu: ukipewa rufaa kwenda Mbarara, mara nyingi ndilo kumbukumbu pekee utakayokuwa nayo mkononi.

Haki ikivunjwa, andika siku hiyohiyo tarehe, kituo, jina au cheo cha mhusika na yaliyotokea. Anza na mkuu wa kituo. Asiposikia, nenda kwa afisa wa afya wa wilaya, na umjulishe pia afisa wa Ofisi ya Waziri Mkuu katika makazi yenu. Malalamiko dhidi ya daktari hupelekwa kwenye baraza la madaktari lililoko Kampala. Wauguzi na wakunga wana baraza lao.